Mkaa, Kinywe na Udongo: Michoro ya Bi Reinata Sadimba

Msafiri aingiaye kwa chombo katika bandari ya Mocímboa da Praia, kwenye pwani ya kaskazini ya jimbo la Cabo Delgado nchini Msumbiji, hulakiwa kwanza na mambo ya bahari: mashua na majahazi, wavuvi wasemao Kimwani, lugha iliyo ndugu wa karibu wa Kiswahili, na maji ambayo siku za bamvua hupanda na kushuka kwa kimo kipitacho urefu wa mtu mzima, kwa kuwa siku hizo jua na mwezi huivuta bahari kwa pamoja. Lakini akiupa mji mgongo na kuifuata barabara iendayo magharibi, huiona nchi ikiinuka hata akafika juu ya uwanda wa Mueda, makao ya Wamakonde, nchi ya mchanga na udongo mwekundu, ambayo juu yake maji ni adimu, na ambayo kina mama wake tangu zama walikuwa wakishuka mabondeni kuyateka na kupanda nayo vichwani. Katika uwanda huo, kijijini Nimu, mwaka 1945, alizaliwa Bi Reinata Sadimba, mfinyanzi ambaye vyungu na sanamu zake leo zinatajwa kwa taadhima Maputo na Lisbon, na ambaye michoro aichorayo juu ya udongo ndiyo maudhui ya makala haya.

Nimesema michoro, ingawa wengi humwita mfinyanzi tu wakaridhika, kwa sababu naamini kwamba anayezitazama kazi zake akaishia kwenye umbo, akastaajabia vichwa na mikono inayochomoza kwenye shingo za vyungu, huwa ameikosa nusu ya kazi. Nusu ya pili ni mstari: mikato midogo midogo iliyopangwa kwa safu, pembe zinazofuatana, maumbo ya msambamba na ya nyota, ambayo huzunguka tumbo la chungu, hupanda mashavuni mwa sanamu na kushuka kifuani mwake. Na mstari huo, pamoja na kitu cheusi kinachong'aa ambacho Bi Reinata huupaka udongo wake, una nasaba ndefu kupita nasaba ya kabila lolote, kwani asili yake haimo Mueda wala duniani, bali imo katika nyota.

Kwanza tumjue mwenyewe. Wazazi wake walikuwa wakulima, naye alipata malezi ya Kimakonde kama mabinti wa rika lake, na miongoni mwa mafunzo hayo ilikuwamo kazi ya kufinyanga. Katika desturi ya watu wake kuchonga mti ni kazi ya wanaume, na kufinyanga chungu ni kazi ya wanawake. Mwanamume hutwaa mpingo akatoa sura ya mtu au ya jini, ilhali mwanamke hutwaa udongo akatoa chombo cha kupikia, cha kuwekea maji au cha pombe. Vita vya ukombozi vilipoanza mwaka 1964, uwanda wa Mueda ulikuwa katika kitovu chake, na Bi Reinata alikuwa miongoni mwa wanawake walioshiriki upande wa FRELIMO, chama kilichopigania uhuru. Msumbiji ilipojipatia uhuru wake mwaka 1975, maisha ya Bi Reinata nayo yalikuwa yakipinduka, kwa kuwa ndoa yake ilivunjika. Na ndipo mikono yake ilipoanza kufanya yale ambayo mikono ya wafinyanzi waliomtangulia haikuyafanya. Chungu kikaota kichwa. Shingo ya mtungi ikawa shingo ya mama, na tumbo la mtungi likawa tumbo lake, na watoto wakaonekana wakishikamana mgongoni, mabegani na miguuni. Mwaka 1980 akavuka kuja Tanzania, akakaa hata mwaka 1992, kisha akarejea kwao na kuhamia Maputo, ambako Makumbusho ya Historia ya Maumbile yalimpa mahali pa kufanyia kazi.

Sidhani kama msanii huyu angeweza kupata jirani bora zaidi. Makumbusho hayo yana hazina isiyo na mfano: vijusi vya ndovu vya kila kipindi cha mimba, vilivyopangwa kwa utaratibu wa ukuaji, na mimba ya ndovu, kama wajuavyo wengi, huchukua miezi 22. Mgeni huweza kutoka kuitazama safu hiyo, akaona jinsi kiumbe kinavyotoka katika kipande kisicho na sura hata kikapata mkonga na masikio, kisha akafika penye vyungu vya Bi Reinata, ambavyo karibu vyote vinazungumzia jambo lilo hilo: maada isiyo na sura inayopata sura ndani ya tumbo.

Sasa turudi kwenye mstari. Wamakonde wa uwanda wa Mueda, wanaume kwa wanawake, walikuwa na ada ya kuchanja nembo mwilini, ambazo wao huziita dinembo, na Bi Reinata mwenyewe anazo usoni. Fundi wa kazi hiyo alikuwa mtu wa heshima. Alikata ngozi kwa kisu chake, akapaka katika majeraha hayo mkaa uliosagwa, hasa wa mbegu za mbarika, kisha jeraha lilipopona mstari ukabaki chini ya ngozi ukiwa na rangi ya samawati iliyokolea. Na aghalabu kazi hiyo ilirudiwa mara kadhaa ili mstari ukolee vizuri. Usoni nembo zilimtambulisha mtu kuwa ni nani na wa wapi, na uvumilivu wake chini ya kisu ulikuwa ushahidi wa ushupavu. Na zile za kitovuni na mapajani kwa wanawake ziliaminiwa kuwa na nguvu zake, zikihusishwa na mvuto na uzazi. Jorge Dias na mkewe Margot, wataalamu wa Kireno waliokaa na Wamakonde mwishoni mwa miaka ya 1950, walizichora na kuziandika kwa urefu katika vitabu vyao. Baadaye, katika miaka ya vita na baada yake, ada hiyo ilikatazwa na kupungua, na vijana waliozaliwa baada ya uhuru wengi wao wana nyuso zisizo na mstari hata mmoja.

Hapo ndipo naona ukubwa wa Bi Reinata. Nembo zilipokuwa zikiondoka kwenye ngozi za watu, yeye alizipa ngozi nyingine. Sanamu zake za udongo zina dinembo mashavuni na vipajini, na baadhi yake zina ndonya katika mdomo wa juu, kama walivyokuwa nazo mabibi zake. Mwenye haraka atasema kwamba huko ni kuhifadhi mila, na neno hilo si uongo, lakini ni dogo mno. Mwenye kuhifadhi hukiacha kitu kama alivyokikuta. Bi Reinata amezihamisha nembo kutoka mwili uozao hadi mwili uliopita motoni, na katika safari hiyo zimebadilika, zikawa zinamzunguka kiumbe ambaye aghalabu ana vichwa viwili, au ambaye ni nusu mtu na nusu chombo.

Kiumbe wa namna hiyo hakutoka hewani. Wamakonde wana kisa cha asili yao, ambacho Karl Weule, Mjerumani aliyezuru kusini mwa Tanzania ya sasa mwaka 1906, alikiandika, na ambacho wazee wamekisimulia kwa namna zinazohitilafiana kidogo. Husimuliwa kwamba hapo mwanzo palikuwa na mmoja aliyeishi peke yake porini, asiyeoga wala kunyoa nywele, ambaye hakuwa bado mtu kamili. Siku moja alichonga sanamu ya mti akaisimamisha karibu na makao yake, na usiku sanamu ile ikawa mwanamke hai. Wakashuka kwenye maji ya mto Ruvuma wakaoga, na mtoto wao wa kwanza akazaliwa mfu. Wakapanda mahali pa juu kidogo, na wa pili naye akafa. Wakapanda tena hata juu ya uwanda, na huko wa tatu akaishi, akawa Mmakonde wa kwanza. Ndiyo maana, husema wasimulizi, watu hawa hukaa juu, mbali na mabonde ya mito yenye maradhi.

Hii ni elimu ya asili ya ulimwengu katika kisa kifupi, na msingi wake ni kwamba maada yaweza kuamka. Mti hulala ukiwa mti, ukaamka ukiwa mtu. Bi Reinata ameupokea msingi huo lakini ameugeuza upande: katika kisa, mwanamume hutengeneza mwanamke kwa mti, katika kazi yake, mwanamke ndiye anayetengeneza watu, wanaume na wanawake pia, na hatumii mti bali udongo wa mabondeni, udongo wa mahali pale pale ambapo mtoto wa kwanza hakuishi. Katika watu ambao ukoo hufuata upande wa mama, mageuzi haya yana uzito, nami siyaoni kuwa ni ya bahati.

Na kitu cheusi kile kinachong'aa ni nini? Ni kinywe, madini yaleyale ambayo wachimbaji wa Ruangwa na Mahenge nchini Tanzania wanayajua kwa jina hilo. Bi Reinata huyapaka juu ya udongo, na sanamu ikachukua mng'ao wa chuma kilichosuguliwa. Hapa namwomba msomaji atazame penseli iliyo mezani kwake. Ndani ya penseli hamna risasi, ijapokuwa watu wengi hudhani hivyo; mna kinywe kilichosagwa na kuchanganywa na udongo wa mfinyanzi, kikafinyangwa kuwa uzi mwembamba, kisha kikachomwa motoni. Ufundi huo aliubuni Mfaransa Nicolas-Jacques Conté mwaka 1795, wakati vita baina ya Ufaransa na Uingereza vilipowakatia Wafaransa kinywe safi kilichokuwa kikichimbwa kaskazini mwa Uingereza, ikabidi kidogo walichonacho wakinyooshe kwa udongo. Wakagundua papo hapo kwamba udongo ukizidi penseli huwa ngumu na mstari wake huwa mwepesi. Udongo, kinywe na moto: vitu vitatu vilivyomo katika penseli ya mwanafunzi ndivyo hivyo hivyo vilivyomo katika chungu cha Bi Reinata, na mtu asishangae basi nikisema kwamba kazi yake ni mchoro hata pale ambapo hajakata mstari wowote.

Kinywe ni kaboni tupu, sawa na almasi, na tofauti ya viwili hivi ni mpango tu wa atomi. Katika almasi kila atomi imefungamana na nne pande zote, ndipo ikawa ngumu kuliko vyote. Katika kinywe atomi zimejipanga tabaka juu ya tabaka, kama kurasa za kitabu zisizogundishwa, nazo huteleza, zikaachwa moja moja kwenye karatasi, au kwenye udongo, au kwenye kidole. Mkaa wa mbarika uliopakwa katika ngozi ya bibi nao ni kaboni. Mti wa kisa, ulioamka ukawa mwanamke, sehemu kubwa ya mwili wake mkavu ni kaboni, na mwili wa mwanamke mwenyewe nao umejengwa kwa kaboni. Mambo ambayo msimulizi aliyaona kuwa ni mawili, mti na mtu, na ambayo fundi wa dinembo aliyaona kuwa ni mawili, mkaa na ngozi, elimu ya maada huyaona kuwa yana shina moja.

Na shina hilo limeota wapi? Wataalamu wa falaki wanakadiria kwamba ulimwengu una umri wa miaka ipatayo bilioni 13.8, na kwamba katika dakika zake za mwanzo ulikuwa na haidrojeni na heli na chembe chache za lithi. Kaboni haikuwako hata kidogo. Ilipikwa baadaye, ndani ya matumbo ya nyota zilizozeeka, ambamo joto lilifika nyuzi milioni 100 hivi. Kupikwa kwenyewe ni kwa shida: viini viwili vya heli vikigongana hutoa kitu kisichodumu, ambacho huvunjika kabla ya kufumba jicho, isipokuwa kiini cha tatu kiwahi kufika katika muda huo mfupi mno. Mwingereza Fred Hoyle alipolihesabu jambo hili mwaka 1953 aliona kwamba kaboni isingeweza kupatikana kwa wingi tuuonao, ila kama kiini chake kina hali fulani ya nguvu inayokipokea kile cha tatu kwa wepesi. Akawaendea wataalamu wa California akawasihi wapime, wakapima, wakaikuta hali hiyo pale pale alipoitaja. Hoja yake, kwa kuisema kwa ufupi, ilikuwa kwamba kaboni ipo, na sisi tupo, basi njia ya kufika hapa haina budi kuwapo. Miaka minne baadaye, yeye pamoja na Margaret Burbidge, Geoffrey Burbidge na William Fowler walieleza kwa mapana jinsi nyota zinavyopika sehemu kubwa ya elementi tulizonazo: oksijeni, silikoni na alumini, ambazo ndizo mwili wa udongo wa mfinyanzi, na chuma, ambacho ndicho wekundu wa nchi ya Mueda. Nyota zikifa huzimwaga elementi hizo angani, na katika mabaki ya nyota nyingi zilizokwisha kufa likakusanyika jua letu na dunia yetu, miaka ipatayo bilioni 4.5 iliyopita.

Udongo wenyewe ni mwamba uliochoka. Mawe ya itale, yakinyeshewa na kupigwa jua kwa muda usiohesabika, hulegea, na sehemu yake moja hugeuka kuwa vibamba vidogo sana vinavyoshika maji baina yao. Ndiyo sababu udongo ukiwa mbichi hutii vidole. Mfinyanzi huuanika hata maji ya kawaida yakatoka, kisha huurundikia kuni. Moto ukipita nyuzi 600 hivi, huondoka hata yale maji yaliyofungamana na vibamba vyenyewe, na tangu hapo udongo haurudi tena kuwa tope, hata ukiloweshwa miaka elfu. Wafinyanzi wamelijua jambo hili kwa macho na kwa mlio wa chungu kinapogongwa, zamani sana kabla ya kuandikwa na yeyote.

Kinywe nacho kina kisa chake katika Cabo Delgado. Kule Balama, kusini magharibi ya jimbo, kuna akiba yake iliyo miongoni mwa kubwa kabisa duniani, ambayo kampuni ya Australia ilianza kuichimba mwishoni mwa miaka ya 2010. Asili ya kaboni ile ni viumbe vidogo vya bahari ya kale, vilivyokufa vikazama topeni. Kisha mabara yalipogongana, zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, tope lile likafukiwa, likabanwa na kuchomwa hata likawa mwamba, na mabaki ya viumbe yakawa kinywe. Leo ulimwengu unakihitaji kwa betri za magari ya umeme, na bei yake husemwa katika masoko ya mbali. Sina kinyongo na betri. Lakini nasikitika kila nionapo jimbo hili likitajwa kwa kinywe, kwa gesi ya Palma na kwa yakuti za Montepuez, na halitajwi kwa mwanamke aliyetwaa kinywe na udongo akaonyesha kazi ya juu kabisa iwezayo kufanywa kwa vitu hivyo viwili.

Bi Reinata si wa pekee katika kuzungumza na ghaibu kwa njia ya sanaa. Tangu miaka ya 1950 wachongaji wa Kimakonde waliovuka Ruvuma kuja Tanganyika, na wa mbele yao Samaki Likankoa, walileta mtindo wa mashetani, viumbe vyenye jicho moja na viungo visivyo mahali pake. Na George Lilanga, mzaliwa wa kusini ya Tanganyika mwaka 1934, aliyefariki mwaka 2005, aliwatoa mashetani hao katika mpingo akawachezesha katika rangi, wanene wa tumbo na wenye masikio makubwa. Nawaheshimu mafundi hao. Hata hivyo mashetani wa Lilanga hukaa juu ya uso wa ubao, wakicheza na kugombana kama majirani wa mtaa mmoja, ilhali viumbe vya Bi Reinata hutoka ndani ya kitu chenyewe, na mtazamaji hawezi kusema ni wapi chungu kimeishia na mtu ameanza.

Mnamo tarehe 5 Oktoba 2017 Mocímboa da Praia ilishambuliwa na watu wenye silaha, na huo ukawa mwanzo wa vita ambavyo vimewatawanya mamia ya maelfu ya watu wa Cabo Delgado. Mwezi Agosti 2020 mji na bandari vilitekwa, na mwaka mmoja ukapita kabla ya majeshi ya Msumbiji na Rwanda kuvikomboa. Wengi waliokimbia kutoka pwani walipanda Mueda, wengine wakaelekea Pemba, wengine Ruvuma. Mwenye kukimbia hachukui udongo, wala hana wasaa wa kungoja chungu kikauke. Na kazi hii ya kina mama, ambayo hufundishwa kwa binti kukaa kando ya mama akitazama vidole vyake, huumia kwa kutangatanga kuliko kazi zinazofundishwa kwa vitabu.

Kwa hiyo naona haitoshi kwamba sanamu za Bi Reinata ziko Maputo, na kwamba wapenzi wa sanaa wa Ureno wanazinunua. Mji wa Mocímboa unajengwa upya, na katika majengo yatakayosimama, ya shule au ya serikali, chumba kimoja kisicho kikubwa kinaweza kutengwa kwa kazi za watu wa jimbo hili, za Wamwani na za Wamakonde pamoja. Vyungu vichache vya Bi Reinata vingetosha kuanzia, na kando yake, juu ya meza na wala si nyuma ya kioo, donge la udongo mbichi, penseli, kipande cha mkaa wa mbarika na jiwe la kinywe kutoka Balama, ili mtoto avishike vyote kwa zamu, ajaribu kuchora kwa kila kimoja, na amuulize mwalimu kwa nini vitatu kati ya hivyo vimemwachia weusi ule ule vidoleni.